MREJESHO: Masikio yangu na kuzamia Nungwi

Asalaam aleikum jamani. Mimi ndiye niliyeuliza kwa nini masikio yaliniuma kama yanachomwa sindano nikifika mita 3 tu, nikapanda juu mbio. Juzi nimerudi majini hapa Nungwi na mtungi wangu wa hewa, na alhamdulillahi nimefika mita 12.

Kosa langu lilikuwa kungoja maumivu ndipo nibane pua. Safari hii nilianza kuzibua masikio nikiwa bado naelea juu, kisha kila nusu mita hivi, nikishuka miguu mbele nimeshika kamba ya nanga: nabana pua, napuliza taratibu, nasikia "tik". Sikio la kushoto likagoma. Nikapanda kidogo, nikameza mate, likafunguka. (Ulonambia nipulize kwa nguvu zote, sheikh, ungenipasulia ngoma ya sikio!)

Kupanda ndiko kulikonitia hofu. Tulikwenda polepole, tusizidi mita 9 kwa dakika, napumua bila kukata, maana ukizuia pumzi hewa hutanuka na mapafu huweza kupasuka. Kwenye mita 5 tukasimama dakika 3, mwili upate kutoa gesi ya naitrojeni taratibu. Samaki wamenizunguka, mie macho kwenye saa.

Wiki ijayo ilikuwa niende kuzamia kisiwani Mnemba, lakini nimeshikwa na mafua. Nasubiri pua izibuke kwanza.