Naambiwa "Mzee acha kudanganya watoto" ndani ya darasa nililosomea mwenyewe!!

Wakuu, natoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule bwana wa makumbusho mnamjua, wa miwani juu ya kichwa na funguo kiunoni kama bwana jela. Simtaji.

Nimepeleka wanangu waone shule niliyosoma la kwanza mpaka la saba kabla haijageuzwa makumbusho. Nawaonyesha dawati langu, lile la mbele ambapo mwalimu alinifikia na fimbo bila kunyanyuka kitini. Jamaa akadakia, mbele ya wanangu: "Mzee, acha kudanganya watoto, hayo madawati ni ya Mjerumani."

Mjerumani!! Mjerumani katimuliwa Dodoma 1916. Chini ya lile dawati kuna bigijii nimebandika mimi. Mjerumani alikuwa anatafuna bigijii?

Nikageukia picha za matrekta ya karanga ya Kongwa, mradi wa Mwingereza, ulianza 1947 ukafa 1951. Wameandika: "Kilimo cha Mjerumani." Zeze la Kigogo wameliandika "gitaa la asili". Zeze! Nyumbani kwa Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo! Nashangaa nalo hawakumpa Mjerumani.

"Acha kudanganya watoto." Mwanangu wa mwisho njia nzima ananiuliza, "Baba, kwa hiyo hukusoma?"

Ndagala wa Chamwino: Mbukwenyi wakuu. Hiyo bigijii ipelekwe kwa Mkemia Mkuu ipimwe vinasaba.

mama_wawili: Mtoto kauliza swali la msingi, mjibu.

Kipanga: Ulilipa kiingilio? Wewe ni malikale mkuu, ulitakiwa uzungushiwe kamba.

Mrangi Original: Afadhali yako. Mimi nimeenda Kolo kuona michoro ya mapangoni, urithi wa dunia tangu 2006. Kandambili imekatika katikati ya mlima. Nimeteremka na mguu peku.

Kipanga: Kandambili na mlima wapi na wapi?

mama_wawili: Mnalia na kandambili, mimi nimeuziwa ndoo ya zabibu barabarani, juu zinang'aa, chini zote zimeoza.

Ndagala wa Chamwino: Hao wa kando ya lami wote ndivyo walivyo. Ingia shambani.

Mleta uzi: Jamani, uzi ni wa MJERUMANI.

Mrangi Original: Mama, ndoo ndogo au kubwa?