Milioni 55, kazi Upanga kwa shifti: Chanika, Kigamboni au Chamazi? Naombeni mawazo

Mama Nasra

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo yenu kabla hatujatoa hela. Mimi na mume wangu tumepanga Tabata hapa Dar miaka sasa, mwenye nyumba kapandisha kodi tena na anataka ya miezi sita kwa mkupuo, tukakaa tukapiga hesabu tukaona hapana, tulichotunza ukijumlisha na mkopo wa saccos inafika kama milioni 55, bora tutafute cha kwetu hata kama ni pembeni ya mji. Mie nafanya kazi hospitali Upanga kwa shifti, kuna siku naingia saa moja na nusu asubuhi kuna siku natoka saa mbili usiku. Mume yuko dukani Kariakoo. Watoto wawili wako shule ya msingi, mmoja bado mdogo.

Madalali wametuzungusha sana, mpaka sasa mezani kuna vitu vitatu. Cha kwanza Chanika, nyumba imeisha, vyumba vitatu, umeme upo, maji ya kisima cha jirani, karatasi ni ya serikali ya mtaa. Cha pili Kigamboni, unapita Kibada kuelekea Kisarawe II, hilo ni boma, yaani kuta tu bila paa, limefika lenta (ule mkanda wa zege juu ya madirisha), dalali anasema kiwanja kimepimwa na hati ipo. Cha tatu Chamazi, vyumba viwili na sebule, majirani wamebanana ila maduka na watu wapo mpaka usiku. Bei zote zinacheza ndani ya bajeti, la Kigamboni liko chini kidogo kwa sababu bado kupaua na finishingi.

Mume anavutwa na Kigamboni, mie moyo uko Chanika maana ni kubeba vyombo na kuhamia tu. Wanaoishi huko semeni ukweli, na kitu gani niangalie ambacho dalali hawezi kuniambia?

mkazi_chanika

Dada karibu sana Chanika, naishi huku na familia na siwezi kuhama, hewa nzuri, watoto wanacheza nje, kiwanja unapata cha kupumua. Lakini umeomba ukweli kwa hiyo nakuambia wa mtu anayetoka kila siku kwenda mjini.

Asubuhi gari unalipandia stendi kulekule mwanzo au unageuza nalo. Ukijidanganya kwamba utasubiri hapa njiani Pugu, konda anapita hata hapunguzi mwendo, gari limejaa tangu Chanika. Ina maana kwa kazi ya saa moja na nusu Upanga, saa kumi alfajiri umeshaamka na saa kumi na moja haijafika uko barabarani. Usiku ndo kuna kazi zaidi. Ukitoka saa mbili, mpaka ukabidhi wodi, mpaka ufike kituoni ni saa tatu kasoro, gari za moja kwa moja zimepungua, unaunganisha mpaka Gongo la Mboto, pale unagombania la Chanika, ukishuka unachukua bodaboda kuingia ndani. Sasa hiyo boda ndo inayokula watu. Nauli ya daladala imepangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri, unaijua, ya boda ni maelewano, mvua ikinyesha anakutajia anayotaka na huna pa kwenda. Piga hesabu ya boda ya kwenda na kurudi kwa mwezi mzima uiweke pembeni ya ile kodi unayoikimbia Tabata.

Madalali wa huku pia wana wimbo wa mwendokasi (mabasi yenye njia yake) na SGR (treni mpya ya umeme). Mwendokasi awamu ya tatu inaishia Gongo la Mboto, haifiki Chanika, bado utaunganisha. Na ile stesheni ya Pugu ya SGR treni zake ni za Morogoro na Dodoma, zilianza 2024, sio usafiri wa kukupeleka Upanga kila asubuhi. Usiongeze hata shilingi moja kwenye bei kwa sababu ya stesheni.

Jambo moja zuri: Chanika sio yote sawa. Uliza nyumba iko upande gani. Kuna Buyuni, ilikuwemo kwenye ule mradi wa serikali wa viwanja elfu 20 ulioanza 2002, huko viwanja vimepimwa na barabara ziliachwa tangu mwanzo. Mitaa mingine watu wamekatiana tu hatua 20 kwa 20, gari la kunyonya choo halifiki mlangoni.

Fundi Kibada

Mimi ni fundi ujenzi na naishi Kigamboni, nazungumzia boma maana ndo kazi yangu.

Dada, boma likifika lenta mtu anaona nyumba imeshafika nusu. Hela haijafika nusu hata kidogo. Hapo bado mbao na bati, plasta nje na ndani, sakafu, waya za umeme, mabomba, karo na shimo, milango, grili, madirisha, rangi, halafu geti. Kabla hujauliza bei ya boma mpeleke fundi wako mwenyewe, sio wa dalali, akuandikie hesabu ya kupaua mpaka kuhamia, ujumlishe, ndo ulinganishe na ile nyumba ya Chanika. Nimeona wengi wananunua boma la bei ndogo wanakaa tena wanapanga miaka mingine huku mvua inalila.

Ukienda kulikagua usiangalie vyumba kwanza. Nenda kwenye tofali za chini na za juu kabisa, kwaruza na ufunguo. Likimwagika mchanga mkavu kama unga, hilo tofali lilipigwa saruji ya kuonjesha, na kama boma limekaa masika kadhaa bila bati kozi za juu zimeshalegea. Angalia nondo zilizoachwa zinachungulia kwenye lenta, kutu ya juujuu sawa, ila ikiwa inabanduka vipande vipande kaa mbali. Angalia kona za madirisha kama kuna ufa unaopanda mshazari. Halafu tembea kuzunguka uone maji ya mvua yanatoka wapi yanaelekea wapi.

Kuhusu usafiri mumeo hajakosea. Pantoni likikushusha Magogoni umeshafika mjini, mwendokasi inaanzia hapohapo Kivukoni, unashuka kituo cha Fire, kutoka hapo Upanga ni karibu. Kwa foleni za asubuhi hiyo ni faida kubwa sana. Ila pantoni likipata hitilafu mnasimama umati mzima kwenye geti, na hapo unazunguka Daraja la Nyerere kwa daladala. Daraja tunalo tangu 2016, chombo kinalipa tozo, zilishushwa 2022 lakini bado zipo, mkija kununua gari mziweke kwenye hesabu. Na kutoka Kibada kwenda mbele, usiku bado ni bajaji na boda, hilo liko kama Chanika.

Maji onja. Kweli kabisa, omba kikombe kwa jirani unywe, sehemu nyingine kisima ni chumvi, sabuni haitoi povu. Mradi mkubwa wa visima virefu ulizinduliwa 2022, lakini muulize jirani kama bomba limefika mtaa wake na linatoa maji siku ngapi kwa wiki, usimuulize dalali.

mpima_ardhi

Nafanya kazi za upimaji, naomba niongeze kwenye karatasi maana naona tumeongelea nauli na tofali tu.

Mama Nasra umeandika "kimepimwa na hati ipo". Hayo ni mambo mawili. Kupimwa maana yake bikoni (alama za mipaka) zimewekwa na ramani imesajiliwa. Hati ni umiliki kwa jina la mtu. Kinaweza kuwa kimepimwa na hakina hati, au hati ipo lakini ya mtu ambaye sio huyo anayekuuzia. Mwombe kopi ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, uende ofisi ya msajili wa hati ufanye upekuzi rasmi. Unalipia ada, unaletewa majibu nani ndo mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio la mahakama. Uliza na pango la ardhi kama linadaiwa, maana likija baadaye litakukuta wewe. Halafu chukua mpima mkaone bikoni uwanjani, zihesabiwe, mlinganishe na ramani. Kuna watu wana hati safi kabisa na boma lao limejengwa kwenye kiwanja cha jirani.

Kwa Kigamboni nenda pia manispaa uulize matumizi ya eneo. Nyie wa zamani mnakumbuka mradi wa mji mpya uliotangazwa 2008, watu walizuiwa kuendeleza maeneo yao miaka mingi, hawauzi vizuri hawajengi, mpaka ulipokuja kuachwa. Swali la mipango miji sio la kuruka.

Ya Chanika yenye karatasi ya serikali ya mtaa sio lazima iwe mbaya, watu wengi wa Dar wanakaa hivyo. Ila hiyo karatasi inasema mwenyekiti alishuhudia mkiuziana, haisemi kwamba eneo ni la makazi. Nenda ofisi ya ardhi ya Jiji uone kama mchoro wa mipango miji upo, maana nyumba inaweza kuangukia barabara au eneo la shule. Muulize mwenyekiti kama mtaa umeingia kwenye urasimishaji, yaani kupimiwa maeneo yaliyokwisha kujengwa, na umefika hatua gani. Na mwenyekiti akikudai asilimia kumi ya mauzo, mawaziri wa ardhi wameshaikataza hiyo hadharani, mwambie akuoneshe kanuni inayomruhusu.

Ukiambiwa barabara kuu iko karibu, ulizia TANROADS, wakala wa barabara, hifadhi ya barabara inaishia wapi. Kimara mpaka Kiluvya 2017 nyumba zilivunjwa ndani ya mita 121.5 kila upande wa barabara ya Morogoro, na wengine walikuwa na karatasi zao mkononi.

La mwisho, muuzaji akiwa ana ndoa mwenzi wake asaini. Nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja, sheria ya ndoa ya 1971 iko wazi. Ikiwa ni ya marehemu, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wawepo. Usikubali "kaka yao mkubwa ndo kasema".

Mama Nasra

Jamani Mungu awabariki, nimesoma yote na nimemsomea baba Nasra. Sasa mbona hakuna aliyeniambia kuhusu Chamazi? Na kuna mtu kanipigia leo ananiambia Kiluvya.

binti_mbande

Chamazi nipo dada. Kwa shifti zako Chamazi ndo inakupa usiku salama kuliko hizo mbili, watu hawalali mapema huku, barabara ya Rangi Tatu kwenda Mbande ina gari mpaka usiku, na ukishuka kituoni kama nyumba iko ndani kidogo unatembea kwenye mwanga wa maduka. Mwendokasi ya Mbagala inaishia Rangi Tatu, kutoka hapo unaunganisha mara moja tu.

Ubaya wake ni huo ulioutaja, kubanana. Uliza majitaka ya jirani yanaenda wapi. Na usinunue huku kiangazi bila kuuliza habari za masika, kuna mitaa iko bondeni. Pita nyuma ya nyumba uangalie ukuta, kama kuna mstari wa tope au rangi mpya imepakwa chini tu mpaka usawa wa magoti, waulize wapangaji wa jirani, wao hawana cha kuficha. Msimu wa vuli unakaribia, mkiweza subirini mvua ya kwanza kubwa mwende siku hiyohiyo.

kijana_kiluvya

Kiluvya pazuri, barabara ya njia nane imebadilisha maisha na stendi ya Magufuli iko Mbezi. Ila kwa Upanga na kazi ya usiku mbali, ningekuwa wewe nisingeiingiza kwenye listi. Pia uliza kama ni Kiluvya ya Ubungo au ya Kisarawe, ofisi za ardhi ni tofauti kabisa.

mkazi_chanika

Naunga mkono binti_mbande ingawa mie ni wa Chanika. Dada kabla ya kulipa, siku ambayo una shifti ya jioni ukitoka kazini usirudi Tabata, nenda mpaka mlangoni kwa hiyo nyumba, na baba Nasra awe nawe. Fanya hivyo kwa zote tatu.

Mama Nasra

Tumekubaliana hivyo. Boma la Kigamboni baba Nasra anampeleka fundi Jumamosi, mie nitaanza na Chamazi nikitoka kazini. Swali la mwisho, dalali wa Chamazi anataka laki tano ya kuishikilia nyumba isiuzwe, nimpe?

mpima_ardhi

Usimpe. Hela yoyote, hata ya kushikilia, mpe muuzaji mwenyewe kupitia akaunti yake ya benki, kwa maandishi mbele ya wakili, iandikwe inarudishwa lini ikiwa upekuzi au majirani watakupa majibu mabaya. Dalali analipwa siku ya mauziano. Na kwenye maandishi hayohayo muweke nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji TRA, kisheria ni ya muuzaji, wengi wanakuja kumsukumia mnunuzi dakika za mwisho.