Tuzo ya insha kwa wasiochapisha kitabu: niandike habari za boriti?

BintSiyu (Luton)

Assalam alaykum, na shikamooni wakubwa. Nawaomba ushauri mliowahi kushindania tuzo za uandishi huku Uingereza.

Kuna tuzo ya insha ya Fitzcarraldo Editions, wachapishaji wa London wenye vitabu vya majalada meupe na ya buluu. Wanamtaka mkazi wa Uingereza au Ireland ambaye hajapata mkataba wa kitabu. Hupeleki kitabu kizima, unapeleka pendekezo la insha ya urefu wa kitabu, maneno 25,000 kwenda juu. Mshindi hupata pauni 3,000, ambazo ni malipo ya awali ya kitabu chenyewe, na nafasi ya kukaa Spoleto, Italia, akiandika.

Mimi nahudumia wazee, zamu za usiku. Nimewahi kutoa makala gazetini, na mashairi yangu yamesomwa redioni. Je, hapo nahesabika nimeshachapishwa?

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Marehemu babu alikuwa mkata boriti, hori ya Dodori, Lamu. Walikata mkoko na mkandaa kwa shoka, wakazipanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Wakahesabu kwa korja, yaani ishirini ishirini, majahazi yakapakia kwenda Uarabuni. Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kuziuza nje, na nyumba yetu haikuinuka tena. Nataka kuandika hayo. Lakini majaji wa London watajali boriti za watu wa Siyu, kijiji chetu cha Lamu? Au niyageuze riwaya ya Kiswahili nipeleke kwingine?

MwalimuPangani

Marahaba, dada yangu. Mimi nakushauri Kiswahili. Tuzo ya Safal-Cornell ilianzishwa 2014 na inapokea miswada ambayo haijachapishwa, zawadi zake kwa jumla ni dola 15,000. Kuishi ughaibuni hakukuzuii: Mohammed Ghassani alishinda upande wa ushairi mwaka 2015, naye kazi yake iko Ujerumani. Huku kwetu kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere, hutolewa Aprili 13 na mshindi wa kwanza huondoka na shilingi milioni 10, lakini hiyo ni yetu Watanzania. Andika riwaya, mama. Watoto wa Lamu waisome.

MhaririWaZamani (Leicester)

Bint Siyu, makala na mashairi hayakuzuii. Wanachouliza ni mkataba wa kitabu. Soma tu masharti ya mwaka unaoomba, neno kwa neno.

Kwa mwalimu natofautiana kidogo. Riwaya ni kazi nyingine kabisa, na wewe umeeleza jambo la kweli ambalo halihitaji kubuniwa wahusika. Tena usidhani majaji wale wanataka habari za London. Mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo hiyo, Matthew McNaught, aliandika juu ya kanisa la mhubiri T.B. Joshua kule Lagos. Joanna Pocock, 2018, aliandika magharibi ya Marekani. Polly Barton, 2019, alieleza alivyojifunza Kijapani. Thea Lenarduzzi, 2020, alifuata masimulizi ya bibi yake kati ya Italia na Uingereza. Mjukuu anayemwandika babu si mgeni pale.

Shida naiona kwingine. Ulivyoeleza ni hivi: walikata, wakazuiwa, wakafukarika. Jaji atakuonea huruma, kisha atafungua pendekezo la mtu mwingine. Insha ya kitabu kizima inataka swali ambalo wewe mwenyewe linakusumbua. Tazama ulicho nacho mkononi. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba, havifiki mita tatu kwa upana, kwa sababu huo ndio urefu wa boriti. Yaani mti wa Dodori ndio uliokata shauri bibi harusi wa Lamu alale kwenye chumba cha upana gani. Na ukienda Kuwait au Oman, nyumba za zamani dari zake ni boriti hizohizo. Watu wamezaliwa na kufa chini ya msitu wasioujua.

Halafu kuna marufuku yenyewe. Wengi wetu leo tunasema mikoko ihifadhiwe, mimi nikiwemo. Je, unaweza kuiunga mkono sheria iliyomnyang'anya babu yako riziki? Anza na hilo, ukurasa wa kwanza kabisa.

BintSiyu (Luton)

Ahsanteni sana nyote. Mwalimu, ya Kiswahili sijayaacha, watoto wa Lamu nawadai hilo.

Mhariri, swali lako limenichoma. Mimi nataka mikoko ibaki, nasema bila kusita. Samaki na kaa tuliokula utotoni walizaliana mle. Lakini wakataji hawakuulizwa. Mama anasema babu alikuwa akichagua miti, machipukizi hayagusi, na mchu, aina nyingine ya mikoko, unaochanua anauacha kwa ajili ya nyuki. Alijua msitu ule kuliko aliyeandika sheria, na sheria ikamhesabu pamoja na wavunaji wakubwa waliokodi maeneo. Hilo silisamehe, na sitaki kitabu kinachosamehe haraka.

Nimeamua nitapeleka, na nitafuata boriti zenyewe: kutoka kwenye tope, kwa mkataji, kwa nahodha, mpaka darini kwa mnunuzi. Hapo mwisho ndipo sina kitu. Kuna ndugu yeyote aliye Maskati au Kuwait mwenye picha ya dari ya nyumba ya zamani?

AbuSalim (Maskati)

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nyumba ya wakwe zangu iko Mutrah, haikaliwi, na dari ya chumba cha nyuma ni boriti tupu. Ijumaa baada ya swala nitaingia na mkanda wa kupimia. Urefu nitakupa. Unataka na unene?

BintSiyu (Luton)

Nataka, baba. Na kama zina alama za shoka, nipigie picha za karibu.