Naomba ushauri: ugonjwa wa moyo wa ukoo, mimi na binti yangu tuanzie kipimo gani?

Habari zenu ndugu. Niko Dodoma mjini. Baba yetu alianguka ghafla akiwa na miaka 49, tukamzika. Mwezi uliopita kaka yangu, ana 44, ameambiwa mishipa inayolisha moyo imeanza kuziba. Havuti sigara, si mnene, kutwa yuko shamba la zabibu Hombolo. Ndiyo maana nawaza ni jambo la damu ya ukoo, na usingizi sipati.

Nimesoma kwamba jeni ya LDLR ikiwa na hitilafu, ini linakosa vipokezi vya kutosha vya kuondoa lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu, na mzazi mwenye hitilafu hiyo anaweza kumrithisha kila mtoto, nusu kwa nusu. Dawa za statini, zile za kushusha lehemu, huliamsha ini liisome jeni hiyo zaidi na kuongeza vipokezi.

Mimi nina 38, binti yangu 10. Tuanze na kipimo cha kawaida cha lehemu, au tuombe cha jeni moja kwa moja? Mtoto wa umri huo hupimwa? Aliyepitia haya tafadhali anielekeze, hata maswali ya kumuuliza daktari.