Msaada: mafuta gani ya kupaka risasi za revolva ninazosubu mwenyewe? (.38 Special)

Fundi_Kalibu
Wakuu habari zenu, hasa mlioko huku Marekani mnaojisubia risasi. Nipo Ohio, nina revolva ya .38 Special mtutu wa inchi 4, ni ya kulengea shabaha tu renji wikiendi. Ledi naipata kwa mafundi wa matairi, vile vipande vya kubalansia magurudumu, nayeyusha namimina kwenye kalibu ya greni 158 (uzito wa risasi, kama gramu 10). Mafuta natumia Lee Liquid Alox, nazigaragaza kwenye kibakuli naziacha zikauke usiku kucha.

Sasa shida ni mtutu unashika ledi. Nikipiga boksi moja nikachungulia na tochi naona magamba ya kijivu yamejibandika kwenye mifereji ya ndani ya mtutu, pale mwanzo kabisa mtutu unapopokea risasi kutoka kwenye silinda, mbele huku kweupe hakuna kitu. Na shabaha inaanza kutawanyika. Nataka kubadilisha mafuta, nachagua kati ya nta ya nyuki kuchanganya na Alox, zile fimbo ngumu za mafuta zenye rangi za dukani, au kupaka rangi ya unga na kuoka. Jambo jingine mimi ni Muislamu, nimeona mapishi mengine yana mafuta ya nguruwe, hayo siyataki kabisa mezani kwangu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Mzee_wa_Renji
Mkuu shikilia hela yako kwanza. Umesema jambo la maana sana, kwamba ledi iko mwanzo wa mtutu na mbele kweupe. Mafuta yangekuwa yanaisha njiani ungeikuta ledi huku mbele karibu na mdomo. Ikikaa mwanzo, mara nyingi ni saizi, risasi ni nyembamba kwa hiyo moto wa baruti unapenya pembeni yake unaikwangua ile ledi na kuipaka kwenye chuma, hapo hata ungepaka mafuta ya aina gani haisaidii.

Fanya hivi. Hakikisha bastola haina kitu, chomoa silinda, chukua kichwa cha risasi peke yake bila ganda, kiingize kwa nyuma ukisukume kitokee mbele. Kinatakiwa kipite kwa kubanana kidogo, usukume na penseli hivi. Kikidondoka chenyewe, au matundu ya silinda ni mapana au risasi ni nyembamba. Mitutu mingi ya .38 ndani ya mifereji ni inchi 0.357 kwa hiyo risasi inatakiwa 0.358, na wengi tunapiga 0.359 bila shida. Pima kwa maikromita, kalipa za bei rahisi zinadanganya kwenye vipimo vidogo hivi.

Nakuru_Minnesota
Niaje wadau. Naungana na mzee ila cheki pia ugumu wa hiyo ledi. Kama unaidondoshea kwenye ndoo ya maji ikitoka kwa kalibu, wacha. Vipande vya matairi vina antimoni, madini yanayoifanya ledi iwe ngumu, ukivipoza na maji vinakuwa vigumu sana, na .38 Special presha yake ni ndogo, mwisho 17,000 psi (pauni kwa inchi mraba), .357 Magnum, ile risasi yenye nguvu zaidi, ndio inafika 35,000. Risasi ngumu kwa presha ndogo haitanuki kuziba mtutu. Wacha ipoe na hewa tu. Hizo fimbo ngumu pia sizipendi kwa .38, zimetengenezwa ngumu ndio risasi isafirishwe bila mafuta kubanduka, lakini kwa mwendo wa polepole hazilainiki vizuri.

Na chambua hivyo vipande kabla ya kuyeyusha, siku hizi vingi ni zinki na chuma. Ledi inayeyuka nyuzi 327 za Selsiasi, zinki karibu 420, kwa hiyo ukiweka moto wa wastani zinki inaelea juu unaichota. Ikishaingia kwenye sufuria yote inaharibika, haijazi kalibu vizuri.

Nta_ya_Tabora
Kwenye mafuta mimi nipo upande wa nta, nimekulia Tabora kwa hiyo nta naijua. Nusu nta nusu Alox ndio ile fomula ya NRA (chama cha wenye bunduki Marekani) ya miaka mingi na kwa .38 inatosha kabisa. Haina mafuta ya mnyama yeyote, Alox inatokana na petroli. Ila nunua kwa mfuga nyuki, nta ya kweli ya njano inayonukia asali, mishumaa ya dukani mingi ni nta ya parafini.

Yeyusha kwa sufuria ndani ya sufuria ya maji, USIWEKE MOJA KWA MOJA KWENYE MOTO. Nta inayeyuka kwenye nyuzi kama 63 tu, ukizidisha moto inashika. Kama huna mashine ya kupaka, simamisha risasi kwenye sinia ya keki, mimina mpaka mifereji ya risasi ifunikwe, ikiganda lakini bado ina uvuguvugu kata moja moja kwa ganda lililokatwa kitako na kupanuliwa kidogo. Risasi inatoka na pete ya nta imekaa vizuri kwenye mfereji wake, inapendeza kweli. Sinia hiyo isirudi jikoni tena.

BintiMvita
Kaka una haki kabisa kuuliza kuhusu nguruwe. India mwaka 1857 askari wa Kihindi waliokuwa chini ya Waingereza waligoma kung'ata katriji za bunduki za Enfield kwa habari kwamba zimepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe, na uasi ukawaka, kwa hiyo si jambo dogo. Kwa wanaotumia baruti nyeusi za zamani, Alox na grisi za petroli hazifai, zinaacha lami ngumu, wao wachanganye nta na mafuta ya kondoo, na hayo ni halali kama amechinjwa sawasawa.

Nesi_Dallas
Wadogo zangu, kuhusu ledi nawaomba sana. Yeyusha nje au penye hewa inayotembea, usile wala kuvuta sigara hapo, nawa kwa sabuni kabla hujamshika mtoto, nguo na viatu vya kazi vibaki gereji. Tone la maji likiingia kwenye ledi iliyoyeyuka inaruka usoni. Na kila mwaka mwambie daktari akupime ledi kwenye damu, ni kipimo cha kawaida.

Na mnaosoma mkiwa Tanzania au Kenya, huko kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, msijaribu.

Fundi_Kalibu
Nimepima wakuu. Zikitoka kwenye kalibu ni 0.3585, na kwenye silinda zinapita kwa kubanana kama mzee alivyosema. Nikachomoa moja ambayo nilishaipachika kwenye ganda, nimekuta 0.356! Maji situmii.

Mzee_wa_Renji
Hapo hapo mkuu. Ganda ndilo linaiminya. Kitanua ganda chako ni cha risasi za kiwandani, kinapanua kidogo, tafuta cha risasi za kusubu. Na kama hatua ya mwisho ya kubana mdomo wa ganda unatumia kile kibano chenye ringi ya kabaidi, kiweke pembeni, kinabana mpaka risasi iliyo ndani. Ukimaliza chomoa tena moja upime, ikibaki 0.358 hata hiyo Alox uliyonayo itafanya kazi, nta utaongeza ukipenda. Ila toa kwanza ledi ya zamani la sivyo mpya itajibandika juu yake, zungushia nyuzi za steelwaya ya shaba, ile ya kusugulia sufuria, kwenye brashi kuukuu upitishe ikiwa kavu. Hiyo steelwaya ijaribu na sumaku dukani, ikinasa ni chuma kilichopakwa shaba juu tu, usiipitishe kwenye mtutu.