Mrejesho: kioo cha mbele cha Tesla Model 3 tayari

Wakuu, niliuliza kama fundi yeyote wa vioo anaweza kubadilisha kioo cha mbele cha Model 3 yangu. Niko Ohio, kokoto lililorushwa na lori lilikipasua. Asanteni, kazi imekwisha.

Mliosisitiza niangalie suala la kamera za gari mlikuwa sahihi. Ziko juu pale, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, zinasoma mistari ya barabara. Hata waipa za otomatiki zinazitegemea, maana gari hili halina sensa ya mvua. Kuna na nyaya nyembamba za kuondoa ukungu mbele ya kamera; kioo cha bei chee nilichoonyeshwa hakikuwa nazo, nikakiacha.

Fundi alifuta kalibresheni (mpangilio wa kamera) kwenye skrini ya gari, nikaingia barabara kuu yenye mistari inayoonekana vizuri. Kwa kawaida kamera hujipanga upya ndani ya kilomita 32 hadi 40. Kabla ya hapo kruzi (mfumo wa gari kushika mwendo lenyewe) haiwaki, msipaniki. Kilomita zikifika 160 na kamera bado, mrudieni fundi.

Bima: ulizeni kama inalipia na kalibresheni. Yangu ililipa vyote. Gundi ikiwa bado mbichi, acheni dirisha wazi kidogo na msibamize milango.