Mrejesho: Simu ya intaneti ya nyumbani sasa inaelekezwa kwenye simu ya mkononi

Niliomba ushauri kuhusu simu ya intaneti (inayopitisha mazungumzo kwenye intaneti) iliyopo nyumbani kwetu Bwiru, Mwanza: namna ya kuelekeza simu zinazoingia kwenye simu yangu ya mkononi ninapokuwa Nansio, Ukerewe, hasa umeme unapokatika. Ninawashukuru kwa dhati walionijibu, kwani sasa inafanya kazi.

Jambo la msingi ni mahali maelekezo ya kuelekeza simu yanapowekwa. Yakiwekwa ndani ya adapta ya nyumbani, yaani kifaa kinachounganisha simu na intaneti, hukoma umeme unapokatika, kwa kuwa adapta ndiyo inayopaswa kuipata simu kabla ya kuielekeza. Yakiwekwa kwenye seva (kompyuta kuu) ya mtoa huduma, kupitia ukurasa wa akaunti, simu huelekezwa hata kama ruta, kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, imezimika. Kwa hiyo nimeweka masharti mawili kwenye seva: simu ielekezwe isipopokelewa ndani ya sekunde 20, na ielekezwe papo hapo kifaa cha nyumbani kisipopatikana. Kuelekeza simu zote sikukutaka, kwani mama yupo nyumbani na ana haki ya kupokea simu zake mwenyewe. Namba yangu niliiandika kwa kuanza na 255, bila sifuri ya mwanzo.

Anayetaka kufuata njia hii aulize kwanza gharama, kwa kuwa kipande cha kutoka kwenye seva hadi simu ya mkononi kwa kawaida hulipwa na mwenye akaunti, si na mpigaji. Nilizima ruta, nikaomba nipigiwe, na simu ya mkononi ikaita.